Diodi mpya imeungua tena? Angalia ilidumu muda gani

Adapta ya king'amuzi, ya volti 12, ilirudi mezani kwangu Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimeikabidhi Jumamosi. Mwenye nayo, mama mmoja wa Tandika hapa Dar anayeuza chakula na jioni huwawekea wateja mpira, hakugomba. Aliiweka mezani akasema, "Mwanangu, hata kipindi cha kwanza hakikwisha, ikazima. Halafu inanuka." Nilipoifungua nikaikuta diodi (kile kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) niliyoweka juzi yake, nene, nyeusi, ya ampea 3 na volti 1000, imeunguza bodi chini yake ikawa kahawia kama ukoko wa wali. Ile ya kiwandani niliyoitoa ilikuwa ya volti 100 tu. Yaani niliweka yenye volti mara kumi, nayo ikashindwa kumaliza kipindi cha kwanza.

Siku hizi mtu akiniletea kifaa kilichokwisha kupita kwa fundi mwingine, au kwangu mwenyewe, siulizi kwanza ni diodi gani imeungua. Nauliza ile mpya ilidumu muda gani. Diodi inayokufa pale plagi inapogusa soketi haifanani na inayokufa baada ya robo saa, wala na inayokufa baada ya mwezi. Halafu kuna ile isiyokufa kabisa, ila kifaa kinasumbua. Nitazipitia kwa mpangilio huo. Ile ya robo saa nitakaa nayo zaidi, maana ndiyo inayotuumbua wengi hapa mjini.

Kabla ya hapo, mita

Weka mita kwenye alama ya diodi. Diodi ya kawaida ya silikoni itasoma kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haitasoma kitu. Ya Schottky, aina yenye kasi na inayopoteza volti chache, itasoma chini zaidi, 0.15 hadi 0.3 hivi. Ikisoma sifuri pande zote mbili imeshoti. Isiposoma popote imekatika.

Hapo kuna mitego mitatu. Wa kwanza, diodi iliyo bado kwenye bodi inaweza kusoma sifuri kwa sababu ya waya za transfoma zilizo sambamba nayo. Inua mguu mmoja kabla ya kuihukumu. Wa pili, diodi ya Zener, ile inayozuia volti zisipite kiwango fulani, husoma kama ya kawaida, 0.7 hivi, kwa hiyo mita haiwezi kukuambia kama ni Zener wala ni ya volti ngapi. Wa tatu ndio mbaya zaidi: mita haioni kasi, yaani diodi inachukua muda gani kufunga umeme ukigeuka. 1N4007 na UF4007 zitakupa karibu namba ileile, na ukiziweka kwenye adapta moja itaishi na nyingine itakaangika.

Na tusisahau mwili wetu. Kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi huimaliza kwa balbu ya zamani ya wati 60 yenye nyaya mbili, nagusisha sekunde chache, kisha napima nihakikishe. Kuishoti kwa bisibisi ni kuharibu kapasita, na cheche zake zimeshawatia watu kovu.

Inakufa papo hapo

Plagi imegusa soketi, paa, fyuzi imekwenda. Kama umebadilisha briji (diodi nne ndani ya kipande kimoja) au zile diodi nne za upande wa umeme wa ukutani na fyuzi imekatika tena, acha kununua diodi. Mara nyingi kilichoanza ni mosfeti ya mbele yake, ile transista inayowasha na kuzima umeme wa transfoma, kushoti, na briji iliungua kwa kubebeshwa mzigo usio wake. Pima mosfeti, pima kapasita kubwa, ndipo urudi kwenye briji. Kisha usiwashe moja kwa moja. Unganisha balbu ya wati 100 kwa mfululizo na waya mmoja wa umeme. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti bado ipo. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita imejaa na njia ni safi. Balbu hiyo imeniokolea vipuri vingi kuliko mita yoyote niliyowahi kununua.

Sababu ya pili ni aibu tupu: umeigeuza. Mstari kwenye mwili wa diodi ni katodi, mguu ambao mkondo hutokea, na bodi nyingi zina mstari huohuo uliochapishwa. Lakini bodi iliyoungua hupoteza uchapishaji, na hapo watu hubahatisha. Usibahatishe. Kwenye upande wa kutolea, katodi ya diodi karibu siku zote inaelekea kwenye chanya ya kapasita inayofuata, na kapasita ina alama ya hasi ubavuni. Ifuate hiyo. Kuna adapta zinazoiweka diodi kwenye njia ya hasi, basi hapo fuata njia ya shaba kwa mita mpaka uone mkondo unatoka wapi.

Sababu ya tatu ni volti ya kurudi, ile inayoisukuma diodi kinyume ikiwa imefunga, na hapa hesabu ndogo inahitajika. Umeme wetu ni volti 230 kwa kipimo cha mita, lakini kilele cha wimbi ni 230 mara 1.414, yaani 325. Kwenye briji ya diodi nne, kila moja hukabiliwa na hizo 325 inapokuwa imefunga. Kwenye saketi yenye diodi moja na kapasita, kama zilivyo chaja ndogo za bei rahisi, diodi hukabiliwa na mara mbili yake, 650. Kwa hiyo 1N4004 yenye volti 400 kwenye saketi ya diodi moja haina maisha, na hata kwenye briji inaishi kwa kubahatisha, maana umeme unaporudi baada ya kukatika huja na mkupuo. 1N4007 ya volti 1000 inatosha pote pawili. Ndiyo maana mafundi wa mjini wanaipenda, na upande huo wa umeme wa ukutani hawakosei.

Upande wa pili wa transfoma hesabu hubadilika, na wengi hudhani adapta ya volti 12 inahitaji diodi ya volti 20 au 40. Sivyo. Diodi ya kutolea hukabiliwa na volti za kutolea pamoja na kilele cha kuingilia kilichogawanywa kwa uwiano wa mizunguko ya transfoma. Tuseme uwiano ni 8. 325 gawanya kwa 8 ni karibu 41. Jumlisha 12, unapata 53. Umeme ukipanda hadi 260 unakaribia 58, na hapo sijaweka miruko midogo inayotokea kila mosfeti inapozima. 1N5822, Schottky nzuri ya ampea 3, ina volti 40. Ukiiweka hapo inakufa kabla hujaondoa mkono kwenye swichi. Ya volti 60 inaweza kuwaka, lakini usiende nayo mbali. Ya volti 100, kama SR5100, ndiyo inayokaa, na hiyo hasa ndiyo iliyokuwa kwenye adapta ya mama wa Tandika kabla sijaingiza ujuzi wangu.

Inachemka, inakufa ndani ya robo saa au saa

Sasa turudi kwenye ukoko wa wali. Niliweka 1N5408. Ampea 3 zinatosha kwa adapta ya ampea 1.5. Volti 1000 zinatosha na kubaki. Upande sikukosea. Kwa nini ikaungua?

Diodi ya kawaida ni kama geti zito la chuma. Umeme ukiisukuma mbele inafunguka vizuri. Umeme ukigeuka, geti huanza kufunga, lakini taratibu, na mpaka lifunge wengine wamekwisha kupita kinyume. Kwa 1N4007 muda huo wa kufunga ni takriban mikrosekunde 2. Kwenye umeme wa ukutani, unaozunguka mara 50 kwa sekunde, nusu ya mzunguko mmoja ni mikrosekunde 10,000. Mbili kati ya elfu kumi si kitu, haisikiki.

Ndani ya adapta, transfoma ile ndogo ya njano haifanyi kazi mara 50. Nyingi hufanya mara 65,000 kwa sekunde, nyingine 100,000. Kwa 65,000 mzunguko mzima ni mikrosekunde 15 hivi. Sasa geti linalochukua mikrosekunde 2 au zaidi kufunga linakuwa wazi kinyume sehemu kubwa ya safari, huku volti zote za kurudi zikiwa juu yake. Mkondo mara volti ni wati, na wati hizo zote zinaishia kwenye mwili wa diodi. Haijalishi imeandikwa ampea ngapi. Hata ukiweka ya ampea 6 itachemka, kwa sababu kinachoichemsha ni ucheleweshaji na wala si mzigo. Datashiti nyingi (karatasi za vipimo za kiwanda) za 1N5408 hazitaji kabisa muda wa kufunga, kwa kuwa haikukusudiwa kazi hiyo.

Dalili zake ukishazijua hazijifichi. Adapta inapata moto hata king'amuzi kikiwa kimezimwa. Inapiga kijisauti, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani, kwa sababu IC ya mbele, chipu inayoiongoza mosfeti, inaona mzigo mkubwa, inazima, inajaribu tena. Volti za kutolea zinapanda na kushuka. Kapasita iliyokauka nayo huleta tik tik hiyohiyo, kwa hiyo tazama vichwa vya kapasita kwanza. Ikiwa vimevimba, badilisha. Kama ni bapa na diodi ni mpya, washa dakika mbili ukiwa na mzigo, chomoa, maliza chaji, ndipo uguse diodi kwa ncha ya kidole. Ikiwa huwezi kukaa nayo hata sekunde moja, umepata jibu.

Ya kuweka? Kwa volti ndogo za kutolea, 5 hadi 20 hivi, Schottky ndiyo chaguo la kwanza. Haina ule ucheleweshaji wa kufunga, na hupoteza volti chache ikiwa wazi: 0.4 au 0.5 badala ya 0.9. Kwa ampea 2 tofauti hiyo ni karibu wati 1, na wati 1 ndani ya kasha la plastiki lisilo na tundu ni joto jingi. Chaja za kompyuta mpakato za volti 19 hutumia kubwa zaidi, mfano MBR20100CT, yenye miguu mitatu kama transista. Wageni wengi wa kazi hii huipima kama transista na kuitupa. Ni diodi mbili ndani ya nyumba moja, katodi zao zimeungana mguu wa kati.

Pale volti zinapokuwa kubwa, kama kwenye taa za nyuma za TV au kwenye inveta, Schottky za kawaida hazifiki. Hapo tafuta zenye kasi kubwa: UF4007 hufunga ndani ya nanosekunde 75, na HER308 ya ampea 3 ni hivyohivyo. FR107, ambayo huuzwa kila kona, ni nanosekunde 500. Ina kasi mara nne ya 4007, lakini kwa UF bado ni kobe. Mimi FR107 naiweka mahali pamoja tu, kwenye kile kikundi cha diodi, rezista na kapasita kando ya transfoma upande wa umeme wa ukutani, kazi yake ikiwa kumeza miruko. Na hata hapo nafuata iliyokuwepo, kwa sababu kuna wabunifu wanaoweka diodi ya polepole mahali hapo kwa makusudi, na ukiwasahihisha unaharibu.

Inadumu wiki mbili, mwezi, halafu basi

Hii ni ya sabufa. Mteja wa Manzese aliniletea moja iliyobadilishwa diodi mara tatu na mafundi watatu, kila safari 1N4007. Transfoma yake ilikuwa ya kawaida, ya chuma, mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kasi si tatizo. Volti hazikufika 20. Tatizo ni kwamba sabufa ile ukiifungulia sauti ya harusi inavuta ampea 2 na zaidi, na 4007 ni ya ampea 1. Kwenye briji kila diodi hubeba nusu ya wastani, kwa hiyo haikufa siku ya kwanza. Ilikaangwa kidogo kidogo kila Jumamosi.

Hapa ndipo 1N5408 ina kazi yake halali. Niliweka nne, nikaziinua milimita 5 hivi juu ya bodi ili hewa ipite chini, na nikaacha miguu mirefu kidogo. Miguu hiyo ya shaba ndiyo inayopeleka joto nje. Ile ampea 1 ya 4007 yenyewe datashiti huipa kwa joto la nyuzi 75 na miguu yenye urefu wa milimita 9.5. Ukiikata mifupi na kuibana kwenye bodi, ndani ya kasha la mbao, chumba cha bati, mwezi wa Februari hapa Dar, usiidai ampea 1 kamili.

Fundi wa pili wa ile sabufa alikuwa na wazo: aliunganisha 4007 mbili mbili sambamba, kwamba moja jumlisha moja ni mbili. Hesabu hiyo inakubali kwenye nyanya, si kwenye diodi. Inayotangulia kupata moto hupunguza volti zake, takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo inavuta mkondo zaidi, inapata moto zaidi, mpaka inabeba karibu yote peke yake. Ikifa, mwenzake anapokea mzigo wote kwa ghafla. Weka moja kubwa.

Kwa vifaa vinavyokaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, tazama pia miguu yenyewe. Nimeona diodi nzima kabisa yenye mguu uliolika kijani kwa hewa ya chumvi, ukiushika unakatika. Badilisha, safisha kwa spiriti, paka vanishi.

Haijafa, lakini

Sabufa inanguruma. Kama muungurumo ni mzito kuliko kawaida, shuku diodi moja ya briji iliyokatika. Briji nzima hutoa mapigo 100 kwa sekunde, lakini ikikosa mkono mmoja yanabaki 50, kapasita inashindwa kuziba mapengo, na sauti hiyo nzito unaisikia hata ukizima muziki. Pima volti za kapasita bila mzigo utaona ziko sawa. Pandisha sauti, zinaanguka.

Saketi ya geti la umeme au ya pampu ya tanki inayoua transista ya rilei (swichi inayovutwa na koili) kila baada ya siku chache. Koili ya rilei ikizimwa hurusha volti nyingi kinyume, mamia, na BC547, transista inayowekwa hapo mara nyingi, inavumilia 45. Lazima kuwe na diodi sambamba na koili, katodi ikielekea chanya. Aina haina masharti mengi hapa: 4007 inafaa, 1N4148 inafaa kwa rilei ndogo. Ukiigeuza, transista inakufa mara ya kwanza rilei inapoitwa, kwa hiyo unarudi kwenye ile habari ya papo hapo.

Laini ya volti 12 inayosoma 0.7. Hii hunichekesha kila mara: mtu ameweka Zener kinyume. Zener hufanya kazi yake ikiwa imegeuzwa, katodi kwenye chanya. Na kama laini hiyohiyo inasoma 24 badala ya 12, huenda aliweka 1N4148 akidhani ni Zener, maana zote ni vioo vidogo vyekundu vyenye mstari mweusi. Tumia lenzi, soma maandishi. Kwenye Zener ile kanuni ya "kubwa zaidi haidhuru" haifanyi kazi upande wa volti. Ya volti 12 ni ya volti 12, kwisha. Upande wa wati ndiko unakoweza kupanda. Fanya hesabu hii: volti 24 zinaingia, rezista ni ya ohm 330, Zener ni ya 12. Mkondo ni 12 gawanya kwa 330, karibu miliampea 36, na mzigo wa laini hiyo, tuseme rilei, ukiwa umezimwa, karibu wote unapita kwenye Zener. 12 mara 0.036 ni wati 0.43. Kioo cha nusu wati kitakaa hapo kikilia mchana kutwa. Weka 1N4742A ya wati 1.

Paneli ya sola inayochaji kwa uvivu. Paneli ya seli 60 huwa na diodi tatu kwenye kisanduku cha nyuma, kila moja ikilinda theluthi ya seli zake kivuli kinapoangukia. Juani, bila kuunganishwa na kitu, inasoma karibu volti 37. Ikisoma 25 badala yake, diodi moja imeshoti na theluthi ya paneli imelala. Mwenye nyumba atakuambia betri imezeeka. Fungua kisanduku kwanza. Nyingi ni Schottky kama 10SQ045, ampea 10 na volti 45, na zinapatikana. Usiweke ya kawaida kwa sababu tu ni nene. Kivuli kikianguka itabeba mkondo wote wa paneli ikipoteza karibu volti 1, na kwa ampea 8 hizo ni wati 8 ndani ya kisanduku kilichofungwa juu ya bati.

Schottky nayo ina kasoro yake na lazima niiseme, maana nimeisifu sana. Huvuja kinyume, na uvujaji hukaribia kuwa maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi. Kifaa kinachofanya kazi asubuhi na kuzima saa nane mchana, kikipoa kinarudi, mara nyingi ndicho hicho. Mita itakuambia diodi ni nzima kwa sababu unaipima ikiwa baridi. Inua mguu, weka mita kwenye ohm za juu kabisa, upande wa kinyume, kisha ipulizie hewa ya moto. Namba ikiporomoka, itoe.

Ukienda kununua

Kariakoo dukani, usiseme "nipe diodi ya adapta". Muuzaji atakupa aliyonayo nyingi. Taja namba, na kama namba imeungua haisomeki, taja mambo manne: volti, ampea, kasi, na kama ni Schottky. Volti ikizidi ya zamani si neno, ampea ikizidi si neno, kasi ikizidi karibu siku zote si neno. Kumbuka tu kwamba Schottky ya volti nyingi hupoteza zaidi ikiwa wazi, kwa hiyo usichukue ya 200 mahali pa 40.

Maandishi ya bandia yapo. Anza na mguu: diodi halisi ya ampea 3 ya umbo la 1N5408 ina mguu wa unene wa milimita 1.2 hivi, ya ampea 1 haifiki 0.9. Mwili mnene wenye mguu kama sindano usiulipie. Nikirudi mezani nafanya jaribio moja: betri ya volti 12, balbu ya indiketa ya gari ya wati 21, na diodi kwa mfululizo. Hapo panapita ampea 1.75 hivi. Napima volti kati ya miguu miwili ya diodi na kuiacha dakika tano. 1N5408 nzuri itasoma 0.8 au 0.9 na kuwa ya moto wa kushikika. Schottky ya ampea 5 itasoma karibu 0.4, ya volti nyingi kidogo zaidi. Ikiandikwa Schottky halafu ikasoma 0.85, imebatizwa tu.

Kwa kasi hakuna jaribio la balbu. Ndiyo maana zenye kasi napendelea kuzichomoa kwenye pawa saplai za kompyuta za zamani. Siangalii sana maandishi yake, naangalia ilikuwa imekaa wapi, maana iliyokuwa kwenye bati la kupozea upande wa kutolea ilishafanya kazi ya kasi kwa miaka. Ila angalia laini uliyoichomoa: ya volti 5 mara nyingi ni ya volti 45 tu, MBR2045 na ndugu zake, nayo ukiipeleka kwenye adapta ya 12 utarudi kwenye ile habari ya kufa papo hapo.

Adapta ya mama nilimwekea SR5100, nikabadilisha na kapasita iliyokuwa jirani ya ule moto, nikaiacha iwake na mzigo mchana mzima huku nikifanya kazi nyingine. Pesa sikumdai. Alinitumia sahani ya pilau na mtoto wake, pamoja na ujumbe: "Mwambie fundi mechi ya Jumamosi asiniangushe."